Kukisia Kibanzi

Picha imenifikia saa nne za usiku, imechakaa,
imepita simu nyingi kabla ya kuingia Kuze:
bodi ya kijani, imekaa upande
kama mkeka uliosukumwa kwa mguu,
na katikati yake mraba mweusi
ambao hautauzwa dukani hadi mwakani.
Shekue auliza, "Kitakula kiasi gani?"
Hakuuliza kama ni kizuri.
Ameuliza kama aulizaye habari za mgeni anayehamia.

Yeye huhariri video za harusi,
masaa sita ya vigelegele ayakate yawe dakika arubaini,
na mashine aliyonayo hupuliza joto
hata pazia la mlangoni halitulii.

Haya. Nina rula ya kwenye skrini, na chai ya tangawizi iliyopoa.
Mraba wenyewe siujui, lakini jirani yake namjua:
chipu ya kumbukumbu, milimita kumi na nne kwa urefu, haina siri.
Kwenye picha ni nukta hamsini na sita.
Nukta nne, basi, kwa kila milimita.
Hivi ndivyo mshona kofia ajuavyo kichwa asichowahi kukishika:
hukiweka kando ya kichwa alichokwisha kukivisha.

Nanyoosha picha, nahesabu.
Tisini na nane kwa sabini na sita.
Ishirini na nne na nusu, mara kumi na tisa.
Milimita za mraba mia nne sitini na tano na nusu.
Nusu hiyo ni uongo. Naifuta.
Ukungu wa ukingoni ukiniibia nukta moja tu kila upande
nimepotewa na milimita kumi na moja,
na katika kumi na moja hizo
huenea swichi bilioni moja na ushei.

Umeme ndio mgumu.
Eneo hulala, likapimwa. Umeme hauna ukingo.
Najua volti hujizidisha yenyewe kwa yenyewe:
ipunguze sehemu moja ya kumi,
wabaki na themanini na moja katika mia.
Najua na tabia za waundaji:
walichookoa kwa mkono wa kulia
hukitumia kwa wa kushoto,
wakaongeza kasi, wakaongeza viini.
Kisha kuna unaovuja,
swichi imefungwa na bado wapita, tone, tone,
kama bomba la ghorofa ya chini
siku ile adimu maji ya mfereji yakitoka.

Naandika: wati mia mbili na themanini.
Kadirio na kadari ni watoto wa nyumba moja,
ila mmoja hukubali kufutwa kwa raba.

Asubuhi napanda ngazi kwao.
Bi Mishi, mamake Shekue, afunga barafu za ukwaju,
friza yake na mashine ya mwanawe
zanyonya mita moja.
"Kwa masaa sita," namwambia, "yuniti moja na theluthi mbili."
Afumba jicho moja.
"Hiyo ni friza yangu kutwa nzima, mpaka adhana ya isha."
Hakugusa kalamu.
"Na una yakini?"
"Ya eneo, nikikosea ni asilimia tatu. Ya umeme, hata ishirini."

Naandika kwa penseli ukutani, kando ya mita:
280, kisha alama, kisha 60.
"Na hiki je, kama mtu kanyoosha mikono juu ya kizingiti?"
"Ndiyo nisiyoyajua, Bi Mishi. Nayo nimeyapima."
"Ungeanza na hayo."

Shekue yuko kimya, atazama ule mraba kwenye simu,
aukuza kwa vidole viwili
mpaka unakuwa weusi mtupu.

Mita yalia. Zimebaki yuniti mbili.
Bi Mishi achomoa simu kifuani, anunua za shilingi mia mbili,
anisomea tarakimu ishirini, moja moja,
nami nabofya.
Hizi hazikisiwi.